Binti wa Mita 3,000 na Karatasi ya Vinasaba

Jumamosi moja ya mwaka jana, baada ya mazoezi ya asubuhi, mzazi mmoja alinisubiri chini ya mti ulio nyuma ya goli la uwanja wetu wa shule, ameshika bahasha ya kaki. Binti yake, aliyekuwa Kidato cha Pili wakati huo, alikuwa mmoja wa wakimbiaji wangu wa mita 3,000, na ndiye niliyekuwa nikimtegemea zaidi kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha akafungua bahasha na kunikabidhi karatasi tatu zilizochapwa kwa rangi. "Mwalimu," akaniambia, "shemeji yangu aliyeko Marekani alitununulia kipimo cha vinasaba. Naona tumekuwa tukimpotezea muda huyu mtoto. Wataalamu wanasema yeye ni wa mbio fupi."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la binti, mchoro uliopinda kama upinde, na mshale ulioelekea upande wa kulia, penye maneno ya Kiingereza yenye maana ya nguvu na kasi. Chini yake paliandikwa ACTN3, na mbele yake herufi mbili tu: RR. Mimi hufundisha Baiolojia pamoja na kusimamia riadha, kwa hiyo jeni hiyo haikuwa ngeni kwangu. Hata hivyo sikuwa na ujasiri wa kumweleza mzazi papo hapo nilichokuwa nakijua, kwa sababu karatasi ilikuwa imetoka mbali, imelipiwa kwa dola, na ilizungumza kwa uhakika ambao mimi na saa yangu ya kupimia hatukuwahi kuwa nao. Nilikubali kumhamishia binti kwenye mita 100 na 200 kwa muhula mmoja. Ninaandika makala hii kwa sababu ya muhula huo.

Nianze na hizo herufi mbili. Jeni ya ACTN3 hubeba maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo alfa-aktinini-3, ambayo hupatikana katika nyuzi za misuli zinazojikunja kwa kasi, zile tunazozitumia kuruka, kunyanyua na kutimka. Kila mtu hupokea nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala ya R hutengeneza protini hiyo. Nakala ya X ina alama ya kusimama iliyowekwa mapema mno, hivyo protini haikamiliki. Mwenye XX hana kabisa alfa-aktinini-3 katika misuli yake, na wala haumwi. Wapo watu zaidi ya bilioni moja duniani walio hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walioongozwa na Profesa Kathryn North walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miongoni mwa wakimbiaji bora wa mbio fupi nchini mwao, wenye XX walikuwa wachache sana kuliko katika jamii ya kawaida. Utafiti ulikuwa wa kweli, na umerudiwa kwa namna mbalimbali na watu wengine. Ndipo wafanyabiashara walipouchukua.

Mwaka 2008 kampuni moja ya mji wa Boulder, jimbo la Colorado, ilianza kuwauzia wazazi kipimo cha jeni hii kwa dola 149. Unapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mtoto, unakituma kwa posta, nao wanakujibu kama mtoto anafaa michezo ya kasi, ya pumzi, au yote mawili. Kufikia mwaka 2015, jopo la wataalamu wa tiba ya michezo waliochapisha tamko lao katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza walihesabu kampuni 39 zinazouza vipimo vya namna hiyo moja kwa moja kwa wateja. Hitimisho lao halikuacha mwanya: kwa maarifa yaliyopo, vipimo hivyo havina nafasi katika kutafuta vipaji wala katika kumpangia mtu mazoezi, na mtoto asipimwe kwa madhumuni hayo. Hata kwa wakimbiaji wa mbio fupi wenyewe, tofauti ya muda inayoelezwa na ACTN3 ni kama asilimia moja au mbili. Sehemu yote iliyobaki ina maelezo mengine.

Lakini lililonishika zaidi ni jambo lililo karibu na kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima wanariadha na watu wa kawaida wa Kenya, Ethiopia na Nigeria. Miongoni mwa Wakenya, wenye XX walikuwa karibu mtu 1 kati ya 100. Ethiopia walikuwa kama 11 kati ya 100. Ulaya kiwango kinachojulikana ni karibu 18. Kwa maneno mengine, karibu kila Mkenya ana angalau nakala moja ya R, awe mshindi wa marathoni au muuza duka ambaye hajawahi kukimbia tangu amalize shule. Basi tuifuate hoja ya karatasi ile hadi mwisho wake. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia, akitokea katika taifa ambalo, kwa mujibu wa mshale ule wa rangi, karibu hakuna mtu wake ambaye angeambiwa kwamba ni wa mbio ndefu hasa. Kipimo kinachotoa jibu lilelile kwa bingwa na kwa jirani yake hakijampima yeyote. Nilipolielewa hili vizuri nilijilaumu, kwa sababu lilikuwa ni jambo la kumweleza mzazi kwa dakika tano chini ya mti.

Jeni nyingine iliyopata umaarufu ni ACE. Mwaka 1998 kundi la Dakta Hugh Montgomery wa London lilieleza kwamba aina fulani ya jeni hiyo ilionekana zaidi kwa wapanda milima wa Uingereza waliofika juu ya mita 7,000 bila mitungi ya oksijeni. Watu wengi wakaamini kwamba jeni ya pumzi imepatikana. Mwaka 2005 wakimbiaji wa Kenya walipopimwa, hakukuwa na uhusiano wowote kati ya jeni hiyo na ubingwa wao.

Sitaki msomaji adhani ninakana urithi. Mtu aliyekaa uwanjani miaka kadhaa hawezi kukana urithi. Baba wa mkimbiaji Mkenya David Rudisha alipata medali ya fedha katika kupokezana vijiti mita 400 mara nne kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, naye mwana akashinda mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia. Yupo pia Mfini Eero Mäntyranta, aliyeshinda medali saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, ambaye yeye na ndugu zake wengi walikutwa na badiliko katika jeni moja linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kupita kawaida. Na katika utafiti mkubwa wa familia uliofanyika Marekani na Kanada, watu 481 wa familia 98 walipewa mazoezi yaleyale ya baiskeli kwa wiki 20. Wapo ambao uwezo wao wa kutumia oksijeni haukuongezeka karibu hata kidogo, na wapo walioongeza zaidi ya lita nzima kwa dakika; takriban nusu ya tofauti hiyo ilionekana kufuata familia.

Urithi upo, ila hauko mahali pamoja ambapo unaweza kuusoma kwa kijiti cha pamba. Chukueni urefu wa mwili, jambo rahisi ambalo muuguzi wa kliniki hulipima kwa ubao uliochorwa ukutani. Mwaka 2022 wanasayansi waliunganisha takwimu za watu milioni 5.4 na kupata zaidi ya sehemu 12,000 za vinasaba zinazochangia urefu, kila moja kwa kiasi kidogo sana, na walio wengi katika watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Kama kimo tu kinahitaji hesabu hiyo, mtu anayedai kusoma uwezo wa mtoto wa Kiafrika wa kukimbia mita 3,000 kwa jeni moja, au tano, au hata ishirini, anauza kitu ambacho hana ghalani.

Tena kuna yale ambayo hayamo kwenye damu kabisa. Julius Yego ni Mnandi wa Kenya, wa jamii ambayo dunia nzima imezoea kuihusisha na mbio ndefu. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 jijini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mkenya mwenzake Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 katika uwanja wa Kasarani mwezi Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Na sisi Watanzania tunayo asubuhi ya marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, ambapo Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na dhahabu ikaja Singida kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Niliitazama mita ile ya mwisho mara nyingi sana. Naomba mtu anionyeshe jeni ya kile kifua kilichotangulia kwenye mstari.

Turudi kwa binti. Katika muhula ule alifanya kila nilichomwagiza. Alijifunza kuanzia kwenye vibao, alipiga magoti juu, alirudia mita 60 hadi vumbi likamkaa kwenye nyusi. Katika mashindano ya kata alikuwa wa tano kwenye mita 200. Kilichobadilika hasa hakikuwa muda wake bali namna alivyofika mazoezini. Zamani yeye ndiye aliyewaongoza wenzake katika mchakamchaka wa alfajiri, sauti yake ikipanda juu ya zote. Sasa alikuwa anakaa katikati ya kundi, anaitikia tu. Wiki chache kabla ya likizo alinijia ofisini, akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Naomba nirudi kwenye mbio zangu." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanijibu kwamba baba amesema imeandikwa, na yeye akadhani kitu kilichoandikwa mwilini hakibishiwi.

Neno hilo linaniuma mpaka leo. Ukitaja DNA mitaani kwetu, watu wengi huwaza kesi ya kutafuta baba halisi wa mtoto, yaani kipimo ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana na ambacho hata hakimu anakiheshimu. Mamlaka hiyo yote ya neno imehamishiwa kwenye karatasi ya michezo ambayo haina uhakika hata wa robo ya ule, na mtoto wa miaka 15 hana njia ya kujua tofauti. Katika mazoezi ya mbio ndefu, maumivu huja kila siku. Anayeamini kwamba hayo ni njia ya kwenda mahali huvumilia, na anayeamini kwamba mwili wake haukuumbwa kwa ajili hiyo huacha kwenye kilima cha kwanza.

Lipo, hata hivyo, eneo ambalo ningependa tupime zaidi, na hapo pia nina kosa langu la kueleza. Miaka mingi kabla ya binti huyu, katika shule nyingine niliyofundisha, kulikuwa na kijana aliyetoka kanda ya ziwa, mchezaji mzuri wa mpira. Siku moja ya joto kali niliwapeleka vijana kupanda kilima kwa kurudiarudia, bila mapumziko ya kutosha, na maji hayakuwepo. Katika mzunguko wa saba kijana alikaa chini. Hakuruka wala kulia kwa kushika paja kama mtu aliyekazwa na msuli. Alilegea tu, akasema miguu haina nguvu, na nilipoigusa misuli yake ilikuwa laini kabisa. Nilimwambia ainuke. Nilimwambia mara mbili, tena kwa sauti. Aliinuka, akapiga hatua kama kumi, akaanguka. Wenzake walimbeba hadi zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali, ambako alilazwa siku nne, mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba ni mbebaji wa selimundu: nakala moja ya kawaida, nakala moja ya ugonjwa.

Mbebaji si mgonjwa, na wengi huishi maisha yao yote bila kujua. Tunajua pia kwa nini wapo wengi kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba jeni hiyo humkinga mbebaji dhidi ya malaria. Ndiyo maana alikuta wabebaji wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana katika nyanda za juu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu yenyewe, kwa hiyo wabebaji wamo katika kila timu ya shule, hasa za kanda hizo. Katika joto, mwinuko, ukosefu wa maji na mwendo usio na pumziko, chembe zao za damu zinaweza kupinda, misuli ikakosa hewa na kuanza kuvunjika.

Marekani ililijua jambo hili kwa msiba. Dale Lloyd, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Rice huko Houston, mwenye umri wa miaka 19, alianguka mazoezini mwezi Septemba 2006 baada ya kurudia mbio za yadi 100, akafariki siku iliyofuata. Alikuwa mbebaji na hakujua. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na kuanzia mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo nchini humo kikaagiza wanamichezo wa daraja lake la kwanza wapimwe. Utafiti wa askari weusi zaidi ya 47,000 wa jeshi la Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliongeza jambo la kutuliza: katika jeshi linalosisitiza maji na mapumziko kwa wote, wabebaji hawakufa zaidi ya wenzao, ingawa hatari ya misuli kuvunjika ilibaki kubwa zaidi kwa asilimia 54.

Kijana wangu hakuacha mpira. Alirudi uwanjani baada ya miezi miwili, akiwa na ruhusa ya kusimama wakati wowote bila kuulizwa, na ruhusa hiyo nikaipanua kwa timu nzima, pamoja na ndoo ya maji kando ya mstari. Kumbe karatasi yake ilikuwa na kazi: ilinibadilisha mimi, si yeye.

Vipimo vya moyo vina ugumu wake. Tarehe 26 Juni 2003 mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka na kufa uwanjani Lyon, na uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Miaka miwili baadaye klabu ya mpira wa kikapu ya Chicago Bulls ilimtaka mchezaji wake Eddy Curry, aliyekuwa na tatizo la mapigo ya moyo, apime vinasaba kwa ajili ya ugonjwa huohuo. Alikataa, akahamishiwa New York Knicks. Ninaielewa hofu ya klabu na ninaielewa hofu ya kijana ambaye jibu la maabara lingeweza kumfuta kazi.

Kisha kuna kipimo ambacho mwalimu wa wasichana hawezi kukinyamazia. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, Shirikisho la Riadha la Dunia linamtaka kila anayeshindana katika mashindano ya dunia ya wanawake apimwe mara moja jeni ya SRY, ile ambayo kwa kawaida huanzisha maumbile ya kiume. Kipimo cha aina hiyo kilikuwepo zamani kikaachwa: Atlanta mwaka 1996, wanawake 8 kati ya 3,387 walikutwa na jeni hiyo, wote wakaruhusiwa kushindana kwa sababu ya hali zao za kitabibu, na mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikasitisha upimaji. Mjadala wa nani ashindane na nani ni mzito na sitaumaliza hapa. Ninachodai ni kidogo zaidi na hakipaswi kuwa na ubishi: msichana wa kijijini asijulishwe siri ya mwili wake, pengine na habari kwamba hatazaa, kupitia ujumbe wa simu wa meneja au kichwa cha habari. Awe na daktari, awe na mama yake au mtu anayemwamini, na jibu libaki lake. Majina ya wakimbiaji Francine Niyonsaba wa Burundi na Annet Negesa wa Uganda yamezungushwa duniani kiasi cha kutosha kutufundisha gharama ya kufanya kinyume.

Binti alikuwa wa pili katika mita 3,000 ngazi ya wilaya mwaka huu. Nilimpa mzazi maelezo niliyopaswa kumpa siku ile ya kwanza, akanisikiliza kwa utulivu, akasema, "Basi tulinunua maneno, mwalimu." Zile karatasi tatu nilimkabidhi binti mwenyewe, kwa kuwa zina jina lake na hakuna aliyemuuliza kabla ya kumfungulisha mdomo. Alizisoma zote, hata maandishi madogo ya ukurasa wa tatu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mate yangu yako wapi sasa?"

Nilimweleza ninachokijua. Hapa nchini tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamia ukusanyaji, usafirishaji, utunzaji na uteketezaji wa sampuli pamoja na utoaji wa taarifa zake, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali; lakini kijiti chake kilikuwa kimekwishavuka bahari ndani ya mkoba wa ndugu aliyekuja likizo. Nilimweleza pia kwamba kampuni ya 23andMe, iliyokuwa na taarifa za watu zaidi ya milioni 15, iliomba ulinzi wa mufilisi mwezi Machi 2025, na kwamba taarifa hizo zilikuwa sehemu ya mali iliyouzwa. Alinyamaza kidogo, akaomba kompyuta ya ofisini. Aliandika mwenyewe, aya mbili, akiitaka kampuni iteketeze sampuli na kufuta taarifa zake, nami nikasahihisha makosa mawili ya Kiingereza. Kwa kuwa akaunti ni ya mjomba wake, tumemtumia yeye ili aipeleke. Amejibu kwamba amekwishaituma, na sasa tunangoja kampuni ithibitishe.